Mradi wa majaribio una maktaba zake

Tovuti ya ASP.NET MVC, mfumo wa Microsoft wa kujengea tovuti, inafunguka vizuri, lakini ukijenga mradi wa majaribio (test project, unaopima msimbo wa tovuti) unapata kosa CS0012: kuna aina iliyomo ndani ya System.Web.Mvc, na rejea yake haipo. Wengi wanaoanza kazi hukimbilia kuipekua tovuti. Usiiguse, haina tatizo.

Mradi wa majaribio ni programu inayojitegemea. Kwenye .NET Framework, ile .NET ya zamani ya Windows, kuupa rejea ya mradi wa tovuti hakutoshi, kwa sababu kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inataka pia rejea za vifurushi (maktaba) ambavyo tovuti imejengwa juu yake. HomeController yako inarithi Controller, na kompaila haiwezi kuielewa bila kumwona mzazi wake. Basi fungua NuGet, kisakinishi cha vifurushi vya .NET, upande wa majaribio, usakinishe Microsoft.AspNet.Mvc. Kama tovuti inatumia 5.2.7, na majaribio yatumie 5.2.7, hata NuGet ikikupendekezea toleo jipya zaidi.

Matoleo yakipishana, kompaila inaweza kukupitisha kisha jaribio likaanguka linapoendeshwa. Hapo soma jina la kosa kwa makini, maana watu hupoteza siku nzima kwa kulirukia. FileNotFoundException inakuambia faili, au kitu ambacho faili hilo linakitegemea, hakikupatikana. FileLoadException yenye namba 0x80131040 inakuambia faili limepatikana, ila si toleo lililoombwa. La kwanza linataka kifurushi. La pili linataka matoleo yalinganishwe au iwekwe bindingRedirect, yaani agizo la kutumia toleo moja badala ya lingine. Na bindingRedirect iliyomo kwenye Web.config haisomwi majaribio yanapoendeshwa! Inayosomwa ni App.config ya mradi wa majaribio, kwa hiyo nakili sehemu ya assemblyBinding uipeleke huko.

Entity Framework 6, maktaba ya kufanyia kazi hifadhidata, ina mtego wake. Faili EntityFramework.SqlServer.dll mara nyingi halinakiliwi kwenda kwenye folda ya majaribio, kwa kuwa hakuna msimbo unaolitaja moja kwa moja, na unachokiona ni lalamiko kwamba mtoa huduma wa System.Data.SqlClient hayupo. Sakinisha EntityFramework kwenye mradi wa majaribio pia.

Kwa ASP.NET Core, mfumo mpya uliofuata ASP.NET ya zamani, kuanzia .NET Core 3.0, kazi ni nyepesi: ongeza FrameworkReference ya Microsoft.AspNetCore.App kwenye faili la csproj la majaribio.

Ninachokusihi usifanye ni kuchukua DLL (faili la maktaba) kwa mkono na kuitupia kwenye bin, folda ya matokeo ya ujenzi. Kwako majaribio yatapita, kisha yataanguka kwa mwenzako na kwenye seva inayojenga programu, kwa sababu folda hiyo kwa kawaida haiingii kwenye Git. Kabla ya kusukuma mabadiliko, yaweke kwenye commit, nakili hazina yako ya Git (git clone) kwenye folda tupu, rejesha vifurushi, uendeshe majaribio yote kutoka hapo.