Unga wa shaba unaokataa kung'aa njano

SWALI: Nafundisha kemia sekondari hapa Moshi. Nilichanganya mrututu (salfeti ya shaba) na potasiamu ayodidi, nikakausha unga uliopatikana, nikaupaka kwenye karatasi na kuuacha kwenye mvuke wa piridini. Chini ya tochi ya kukagulia noti bandia, karatasi ndiyo iliyong'aa bluu. Unga ukabaki kahawia. Nilitarajia njano. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu, anza na ukahawia huo. Ni ayodini. Mrututu ukikutana na ayodidi, nusu ya ayodidi hugeuka ayodini, nayo humeza mwanga. Yeyusha gramu 2.5 za mrututu na gramu 3.3 za potasiamu ayodidi, kila moja kwenye maji yake, kisha changanya. Ongeza myeyusho wa sodiamu thayosalfeti kidogo kidogo hadi ukahawia uishe (fuwele zipatazo gramu 2.5), na usipitilize, maana ikizidi huyeyusha hata unga unaoutaka, yaani ayodidi ya shaba. Chuja, suuza kwa maji, kausha gizani. Hutazidi gramu 1.9 za unga mweupe. Dawa ya kopa (shaba) ya kupulizia kahawa isikudanganye ukaitumia badala ya mrututu. Mara nyingi si salfeti.

Karatasi ya kuchapia ina dawa ya weupe inayong'aa bluu yenyewe, kwa hiyo tumia karatasi ya kuchujia. Tochi nyingi za noti hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 395. Tafuta ya 365.

Piridini hushika moto na mvuke wake una madhara. Weka matone mawili kwenye pamba ndani ya chupa yenye kifuniko, karatasi isiguse pamba, na ufanyie kazi penye hewa ya kutosha.

Mvuke huo hujifunga kwenye shaba, na shaba nne na ayodidi nne hujipanga mfano wa mchemraba. Kwa kuwa shaba hukaribiana, takribani nanomita 0.27, mwanga hutoka njano. Zikijipanga mnyororo badala yake, kwa uwiano uleule, hutoka bluu. Ukitumia methilipiridini yenye methili kwenye nafasi ya 4 badala ya piridini, mnyororo wa bluu hugeuka mchemraba wa njano kwa mvuke wa toluini, na pentani huurudisha. Hapo ndipo utamu wa somo hili ulipo.

Wahimilishaji wa ng'ombe hutumia nitrojeni ya kimiminika kuhifadhi mbegu, na kituo chao cha taifa kipo Usa River. Ukiipata, vaa glavu na miwani, umimine kidogo juu ya karatasi iliyokauka: kwenye nyuzi −196 ile njano hugeuka bluu, ikipata joto inarudi.