Maswali ya Wasomaji: Amita Kwenye Trekta la Zamani

SWALI: Nina Massey Ferguson 135 ninalolimia alizeti na mtama hapa Kongwa. Dainamo lake lilikufa, fundi akafunga altaneta ya ampea 36. Sasa trekta likilala siku tatu bila kazi, haliwaki. Nikanunua amita (saa inayoonyesha ampea zinazoingia na kutoka kwenye betri) ya ampea 30 kila upande, tukaiunga kwenye waya mnene wa betri unaokwenda stata. Nilipopiga stata, ikaungua. Iungwe wapi?
*Msomaji, Kongwa*

JIBU: Stata ya dizeli huvuta ampea mia kadhaa kwa mara moja, na wewe umezipitisha zote kwenye chombo cha ampea 30. Waya mnene wa betri uende stata moja kwa moja, usikatwe na kitu chochote. Kinachopita kwenye amita ni chaji ya altaneta na umeme wa swichi na taa, basi. Safari hii nunua ya ampea 60 kila upande, maana altaneta ya 36 itaupeleka mshale wa 30 hadi mwisho.

Kabla ya kushika spana, tazama ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Matrekta mengi ya dainamo yalifungwa chanya kwenye bodi, na altaneta za kawaida zinataka hasi. Kisha vua waya huo wa bodi, uwe wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi.

Nenda kwenye nati kubwa ya stata, au ya solenoidi yake (swichi yake kubwa ya umeme), pale waya mnene wa betri unapofika. Hapo utakuta pia nyaya nyembamba zaidi: mmoja umetoka altaneta, mwingine unakwenda kwenye swichi na taa. Zitoe, ubakize ule mnene peke yake. Kutoka kwenye nati hiyo peleka waya mpya hadi nguzo moja ya amita. Nguzo ya pili ifungwe waya mwingine mpya unaorudi kuungana na zile ulizozitoa. Honi unaweza kuiacha upande wa betri.

Waya uwe wa milimita 6 za mraba, na kama kwenda na kurudi kunazidi mita 3, tumia wa 10. Uwe wa magari, wenye nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu utakatika tu kwa mtikisiko wa shamba, na hapo hasara ni kubwa kuliko unavyodhani: dizeli haizimiki umeme ukikatika, altaneta inaendelea kuzunguka bila betri, volti zinapanda na dayodi zilizo ndani yake zinaungua. Kwa hiyo bana lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) kwa koleo lake, weka washa za kuzuia nati kulegea, na kila mwanzo wa msimu zikaze tena. Nguzo za nyuma ya amita zina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na njia hiyo haina fyuzi. Zivishe vifuniko vya mpira, na tundu la dashibodi liwe na mpira ili bati lisikate waya.

Taa nyekundu ya chaji usiing'oe ukidhani amita imechukua nafasi yake. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha altaneta.

Kujaribu: injini ikiwa imezimwa, washa taa kubwa. Globu mbili za wati 45 huvuta kama ampea 7.5, na mshale uende upande wa kutoa. Ukienda upande wa kuchaji, badilishana nyaya mbili za amita. Ukishawasha injini, mshale utapanda labda hadi 15 au 25, kisha ushuke taratibu hadi chini ya 5. Usipopanda kabisa, anza na feni belti, globu nyekundu na brashi za altaneta. Ukibaki juu saa nzima, pima volti kwenye betri: zikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa na maji ya betri yatachemka, zikiwa chini ya 14.5, shuku seli iliyokufa ndani ya betri.

Lakini tatizo lako la siku tatu, amita hii huenda isilionyeshe. Umeme wa ampea 1 tu unaovuja trekta likiwa limelala ni ampea-saa 24 kwa siku. Siku tatu zinatosha kumaliza betri ya 70. Kwenye kipimo cha 60, ampea 1 hata hailingani na upana wa mshale. Vua waya wa bodi, weka multimita kati yake na nguzo ya betri kwenye kipimo cha ampea 10, swichi ikiwa imezimwa, na usipige stata. Ikisoma zaidi ya sehemu ndogo ya ampea, vua nyaya moja moja mpaka ishuke. Sisi tungeanza na katauti ya dainamo (swichi inayoiunga dainamo na betri ikichaji na kuikata isipochaji): wengi wakibadili kwenda altaneta huiacha bado imeungwa.

SWALI: Je, voltimita haitoshi?
*Msomaji, Bahi*

JIBU: Kwa altaneta inayozidi ampea 60, voltimita ndiyo tungefunga. Waya mwembamba mmoja kutoka upande wa swichi, mwingine kwenye bodi, na fyuzi ya ampea 2. Injini ikizunguka isome kati ya 13.8 na 14.4.