Kaka yangu anaweza kunisemea kwenye shauri la talaka?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko Pasua, Moshi, ninadai talaka. Mume wangu akiwepo mbele ya watu sauti hukatika, nabaki kulia. Kaka yangu yuko tayari kunisemea. Dini inaruhusu? Na mahakama itamkubali?

JIBU: Waalaykumu ssalaam dada yangu. Kidini inajuzu. Hiyo ni wakala katika khusuma, yaani kumweka mtu akusemee katika shauri, na Sayyidna Ali (r.a.) alimweka nduguye Aqil amsimamie mashauri. Madhhab ya Shafii, tunayoifuata wengi wetu huku, haisharti mume aridhie. Imamu Abu Hanifa, wa madhhab ya Hanafi, ndiye aliyetaka ridhaa ya mpinzani.

Matatizo huanzia kwenye mipaka. Wakili wa khusuma kwa Shafii hana mamlaka ya kukiri, wala ya kusamehe au kusuluhisha mpaka umpe. Kaka akichoshwa na kikao akasema "basi, mahari tumesamehe", neno hilo halikufungi kisheria ya dini, lakini likishaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao utahangaika kulifuta. Kwa hiyo mwandikie, nawe utie sahihi: adai matunzo ya watoto na haki yako katika nyumba, lakini kabla ya kusamehe chochote, akuulize kwanza. Kiapo hakiwakilishwi. Ukitakiwa kuapa utaapa wewe, hata kwa machozi, na aliyokutendea mume faraghani utayaeleza wewe uliyeyaona.

Sasa serikalini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka muanzie baraza la usuluhishi, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au jingine linalotambuliwa. Pale wakili wa kulipwa haingii kabisa. Ndugu wa familia anaruhusiwa. Asiye wa familia, jirani kwa mfano, mpaka baraza limpe idhini. Wewe pia uhudhurie, kwani baraza linatakiwa kuwasikiliza nyote wawili. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na hati hiyo isizidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Wengi huiweka kabatini wakingoja mume abadilike, ikapitwa na muda, wakaanza upya.

Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu, au mtu anayeishi nyumbani kwako, akusimamie katika shauri la madai. Ombi ulitoe wewe, kwa mdomo wako, kabla usikilizwaji haujaanza. Kaka akijitokeza tu bila wewe kuomba, hakimu atamkalisha. Ukifungua Mahakama ya Wilaya, usimtegemee kaka: tafuta wakili, au usimame mwenyewe.

Na kaka naye asikie. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Umm Salama iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alisema huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, na yeye Mtume akahukumu kwa anavyosikia, basi atakayekatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Kama mume alilipa ada za shule mwaka mzima, kaka asiseme hakulipa.

Wallahu a'lam.