Jibu: Vijana wamepimwa Dar, wamerudi Mbeya mita zimeshuka

Salama mkuu. Kwa hiyo vijana walifanya kipimo cha Cooper Dar (kukimbia umbali mrefu uwezavyo kwa dakika 12), wakarudi Mbeya wakakirudia, mita zikapungua, na unajiuliza kama pumzi imeisha au kipimo ni kibovu.

Anza na uwanja. Chukua futi kamba upime mzunguko wenyewe, usiamini tu kwamba ni mita 400. Viwanja vingi huku vimepigwa chokaa kwa macho. Mzunguko ukizidi mita 10 tu, kijana wa mizunguko 7 umemnyima mita 70. Ukipiga hesabu ya Cooper ya kukadiria VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo (mita toa 504.9, gawa kwa 44.73), hapo umemshusha karibu mililita 1.6 bure.

La pili ni mwinuko. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, oksijeni ni pungufu, hata mwenyeji anashuka. Namba ya Dar iache Dar. Linganisha Mbeya na Mbeya, uwanja uleule, saa ileile.

Halafu angalia wanavyoanza. Asiyezoea anafyatuka mwanzoni, dakika ya nne miguu imeshajaa. Kwa wachezaji wa mpira mimi napenda mbio za mlio za mita 20, za kwenda na kurudi kati ya mistari miwili kwa kufuata mlio: zinaanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka 0.5 kila dakika, mwendo unapangwa na mlio wa spika. Ila nyasi zikiwa na umande ahirisha, wanateleza kwenye kugeuka.

Na tafadhali, usimkate kijana kwenye kikosi kwa tofauti ya mita 50. Kipimo cha uwanjani hakina macho makali hivyo.