Kabla Hujauliza Bei ya Baiskeli, Soma Ubavu wa Tairi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia akitaka kujua kama baiskeli nyepesi ya usukani mnyoofu, ile ya mtumba kutoka Ulaya, inaweza kumfikisha kazini kila siku hapa Dar es Salaam. Jibu langu ni ndiyo, na ninalitoa kwa majivuno kidogo, kwa kuwa baiskeli ya namna hiyo ndiyo inayonitoa Kimara hadi Posta na kunirudisha, wakati wale walioniuliza kwa kicheko kama nimefulia bado wanagombania milango ya mabasi.

Baiskeli zetu za chuma tulizozizoea, zile za kubebea mkaa, zina uzito wa kilo 20 hivi, ilhali yangu haizidi kilo 12 na ina giya za kutosha kupandia Kimara jioni bila kushuka na kukokota. Usukani wake haukupinda kama wa baiskeli za mashindano, hivyo mpandaji huketi ameinua kichwa na vidole vyake havibanduki kwenye breki, jambo linalookoa pale bodaboda inapokujia uso kwa uso ndani ya njia ya baiskeli. Njia hizo zilijengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016 na kuupatia mji wetu Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Tuzo haimwondoi muuza machungwa njiani, kwa hiyo funga kengele.

Ushauri wangu mkubwa uko kwenye tairi. Tairi za baiskeli hizi, kama zile za baiskeli za chuma, mafundi wengi huziita namba 28, lakini hazivaliani. Soma ubavuni: ukikuta 622, rimu yako ni ya kipenyo cha milimita 622, tairi ya baiskeli ya chuma huandikwa 635, nayo hulegea kwenye rimu hiyo na inaweza kuchomoka ukiijaza upepo, hata fundi akikuapia kwamba itakaa. Tyubu haina shida hiyo, ila tundu la rimu huenda likawa la milimita 6.5, dogo kwa pua ya tyubu ya kawaida inayohitaji 8.5, na fundi atakutolea kekee. Binafsi nilikubali kutobolewa, na sasa tyubu ninazipata karibu kila kona. Angalia pia kama uma wa mbele na fremu vina nafasi ya tairi la upana wa milimita 35, kwa sababu lile la milimita 28 linapendeza kwenye lami tu, na lami yetu haikawii kwisha.

Hakikisha fremu ina matundu ya kufungia keria na madigadi. Shati la kazini lipande keria, kwani begi la mgongoni hulowesha mgongo kabla hujafika Ubungo, na bila madigadi tope la Jangwani wakati wa masika litakuchora hadi kisogoni.

Lililoniuma si jua wala mvua. Mlinzi wa jengo ninalofanyia kazi alinielekeza niifunge baiskeli nje ya geti, juani, huku akilipigia saluti gari la kijana niliyemfundisha kazi. Nilimwambia, "Kaka, hii nayo ni chombo cha usafiri," akacheka. Sijasahau. Ndugu zangu, tukiendelea kumpima mtu kwa matairi aliyojia, tutazeeka kwenye foleni tukilalamikia bei ya mafuta na matumbo yetu wenyewe. Mwenye baiskeli naye anunue kufuli nzito, aifunge fremu pamoja na gurudumu, kisha adai nafasi yake kwa maandishi kama nilivyofanya mimi. Na ninyi wenye majengo, bomba moja lililokunjwa na kuchomelewa sakafuni hufungiwa baiskeli mbili, nafasi ya gari moja inatosha mabomba kadhaa, na gharama yake mnaweza kumuuliza mchomeleaji yeyote wa mtaani kwenu.