Sanduku la Filamu: zilizosema Kiswahili zikapita kimya

Msomaji wa Morogoro: *Wahariri, salaam. Ukitaja filamu ya Tanzania watu wanaanza kuhesabu kwa Kanumba. Kabla ya hapo hatukuwa na kitu? Nitajieni moja au mbili ambazo mtu ataangalia mpaka mwisho.*

Zilikuwepo, ndugu msomaji, na inauma kwamba wengi hawajawahi hata kuzisikia. Anza na *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ina dakika 36 tu, na urefu huo ndio ulioiponza: ni ndefu mno kutangulizwa kabla ya filamu nyingine, na ni fupi mno kukatiwa tiketi peke yake. Mariamu anaumwa, hospitali zimeshindwa, na mumewe Sekondo anamsihi waende kwa mganga. Mariamu anawaogopa waganga, na hofu hiyo ina mizizi katika utoto wake. Uganga humu ni tiba yenye utaratibu wake. Hauchekeshi wala hautishi, na hata leo ni nadra kuuona ukipewa heshima hiyo kwenye skrini.

Kisha subiri siku mbili tatu, uangalie *Maangamizi: The Ancient One* ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na huyo huyo Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na ikapita miaka zaidi ya 20 kabla ya nchi kupeleka nyingine, *Vuta N'Kuvute*. Daktari Asira, Mmarekani Mweusi anayechezwa na BarbaraO, anafika kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili na kumkuta Samehe, mwanamke aliyejifungia katika ukimya kwa miaka mingi. Samehe ni Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yake hapa anaifanya kwa macho na mabega. Kati ya wanawake hao wawili anatokea bibi mmoja wa kale, Maangamizi.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mtazamaji wa Los Angeles hana. Jina la mgonjwa ni amri ya kusamehe, na jina la bibi ni uharibifu wenyewe. Kichwa cha Kiingereza kinamwita bibi huyo mkongwe tu, basi. Ukiyashika majina hayo mawili tangu mwanzo, nusu ya fumbo limeshafunguka.

Wengi wanaiacha njiani kwa sababu wanaitegemea iwe filamu ya mizimu ya kutisha. Haiendi hivyo. Ya zamani na ya sasa yanapokezana bila kubisha hodi: mara uko wodini, mara uko utotoni mwa Samehe. Usirudishe nyuma kila unapopotea, iache iende. Usiiangalie kwenye simu, maana spika ndogo inaua ngoma na sauti nzito. Na kwenye runinga ya kisasa, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema na uzime kile kipengele kinacholainisha mwendo. Kikiwashwa, filamu yoyote inaonekana kama tamthilia ya studio.

Msomaji wa Muscat: *Kila nikitafuta filamu mnazozitaja, sipati kitu, au napata kipande cha dakika 12. Nakosea wapi?*

Huenda unatafuta jina moja tu. Filamu zetu nyingi huuzwa nje kwa jina jingine, na katalogi za ughaibuni huzihifadhi kwa jina hilo la pili. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imesajiliwa sehemu nyingi kama *Tug of War*. Jina hilo lina filamu nyingine kibao, ndiyo maana unaletewa vitu vya ajabu. *Arusi ya Mariamu* iko kama *The Marriage of Mariamu*. Filamu ya mwaka 2024 kuhusu familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa na Wajerumani ina jina la Kijerumani, *Das leere Grab*, na la Kiingereza, *The Empty Grave*. Hiyo nayo tunaisisitiza: Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, na mpaka leo ukoo wake unauliza fuvu liko wapi.

Kwa hiyo andika vitu vitatu pamoja: jina la mwongozaji, mwaka, na jina lolote kati ya hayo. Jina lenye kistari cha juu, kama N'Kuvute, litafute mara tatu: na kistari, bila kistari, na kwa kuacha nafasi. Kisha linganisha muda. *Vuta N'Kuvute* ina kama dakika 92, kwa hiyo nakala ya dakika 60 imekatwa, na ya dakika mbili ni tangazo.

Usipoipata kabisa, mwandikie mtengenezaji au msambazaji moja kwa moja. *Arusi ya Mariamu* na *Maangamizi* ni kazi za Gris-Gris Films, kampuni ya Mulvihill. Barua iwe fupi: jina la filamu na mwaka, uko nchi gani, unataka kuangalia nyumbani au kuonyesha watu, na unaweza kulipa kwa njia gani. Mtengenezaji mdogo hujibu barua ya mistari mitano kwa urahisi kuliko ya kurasa mbili. Kama una ndugu anayesoma chuo Ulaya au Marekani, mwombe aulize maktaba ya chuo. Maktaba huazimana filamu, na nyingine zina huduma ya kuangalia mtandaoni kwa kadi ya msomaji bila malipo ya ziada.

Msomaji wa Kigoma: *Sisi huku tunasikia Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kila siku sokoni. Kuna filamu zinazokisema hicho?*

Zipo, na kama tungeruhusiwa kumtaja mtu mmoja tu katika safu hii, angekuwa Dieudo Hamadi wa Kisangani, Kongo. Anatengeneza filamu za hali halisi, anashika kamera mwenyewe, na hana msimulizi wa kukuambia ufikirie nini. *Maman Colonelle* ya mwaka 2017 inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kikosi cha kulinda watoto na kupambana na ukatili wa kingono. Muda wote unamwona akifanya kazi bila bajeti. Kuna anapogeuka ombaomba sokoni kwa niaba ya wanawake aliowapa hifadhi, na hakuna anayeeleza lolote. Unaelewa mwenyewe.

Ya pili ni *En route pour le milliard* ya mwaka 2020, ambayo kwa Kiingereza inaitwa *Downstream to Kinshasa*. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Walionusurika, wengi wao wamekatwa miguu au mikono, wanapanda boti na kushuka Mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Mvua inawapiga chini ya turubai, magongo yamelazwa pembeni, na wanabishana, wanaimba, wanagombana juu ya chakula. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Ukiangalia filamu baada ya kujua hilo, kila kikao chao cha njiani kinabeba uzito mwingine.

Kuhusu lugha: Kiswahili hicho kinapochanganyika na Kilingala na Kifaransa, shika sehemu za Kiswahili na usome maandishi ya chini kwa zilizobaki. Utasikia *batu* na *batoto* kwa watu na watoto, na *iko* mahali ambapo wewe ungesema *ni* au *yuko*. Baada ya robo saa sikio linazoea. Kwa Kigoma, hata dakika tano zinatosha.

Msomaji wa Tanga: *Shemeji yangu alininunulia diski ya filamu huko Marekani. Deki yangu inaikataa. Nikaipata kwa faili, lakini maandishi ya tafsiri yanachelewa, na kadiri filamu inavyokwenda yanazidi kuachwa. Nifanyeje?*

Hayo ni matatizo mawili.

La diski ni kanda. Diski nyingi za DVD zimefungwa kwa eneo: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya na nchi za Ghuba kanda ya 2, Afrika Mashariki kanda ya 5. Deki iliyofungwa kwa 5 haitaisoma ya 1. Deki nyingi za bei nafuu zinaweza kufunguliwa kanda zote kwa namba za rimoti. Fundi wa mtaani anazijua kwa kila modeli. Kwenye kompyuta uwe mwangalifu, maana kifaa cha kusomea diski kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, na ya tano ndiyo ya kudumu. Safari nyingine shemeji aulize kama diski ni ya kanda zote, kwa kawaida huandikwa 0.

La maandishi, wewe mwenyewe umeshatoa dalili muhimu: *yanazidi* kuachwa. Yangekuwa yanachelewa sekunde zilezile mwanzo hadi mwisho, ungefungua filamu kwa VLC, programu ya bure ya kuangalizia filamu, ukabonyeza G mpaka yalingane. Kila mbonyezo unayavuta mbele kwa milisekunde 50, na H inayarudisha. Yanapozidi kuachana, sababu ni kasi. Filamu ya picha 24 kwa sekunde, ikitayarishwa kwa mfumo wa runinga wa picha 25, inakimbia kwa asilimia 4 hivi, na ya dakika 90 inakwisha kwa dakika 86 na ushee. Maandishi yaliyopimwa kwa kasi ya 24 yatakuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu na nusu ufikapo mwisho.

Tiba yake: chukua programu ya bure ya Subtitle Edit, fungua faili la maandishi, nenda kwenye sehemu ya kulinganisha muda, chagua kubadili idadi ya picha kwa sekunde, kutoka 23.976 (ndiyo ile 24) kwenda 25. Hifadhi kwa mfumo wa UTF-8, la sivyo herufi za Kifaransa zitageuka takataka. Lipe faili jina lilelile la filamu, uyaweke folda moja, na VLC italibeba lenyewe. Pima sehemu mbili, dakika ya 5 na dakika ya 80. Yakikaa sawa kote, umemaliza.

Mwalimu wa Mwanza: *Tunataka kuonyesha filamu uwanjani kuhusu ulinzi wa watu wenye ualbino. Tumeambiwa White Shadow ndiyo bora. Mnashauri nini, na maandalizi yaweje?*

*White Shadow* ya Noaz Deshe ni kazi kubwa, ilipata tuzo ya filamu ya kwanza bora huko Venice mwaka 2013, na inasema Kiswahili. Lakini usiiweke uwanjani, mwalimu, tafadhali. Ina mauaji yanayoonyeshwa kwa karibu, na mtoto mwenye ualbino akiwa amekaa mstari wa mbele ataondoka na hofu tu. Hiyo ni ya watu wazima, ndani, na mazungumzo baadaye. Kwa hadhara yako tafuta *In the Shadow of the Sun* ya Harry Freeland ya mwaka 2012. Inamfuata mwanaharakati Josephat Torner, na kijana Vedastus wa Ukerewe. Hapo ni nyumbani kwenu kabisa.

Watoto wakiwa wengi, usiku mwingine wape *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, kuhusu binti mgonjwa anayetamani kuwa shujaa na kijiji kinachoamua kumsaidia aamini. Ina dakika 74. Waambie mapema wazazi kwamba italiza.

Maandalizi yaanze na ruhusa mbili: ya mwenye filamu, kwa maandishi, ukitaja tarehe, mahali, idadi ya watu na kama kuna kiingilio, na ya Bodi ya Filamu Tanzania. Pakua faili mapema, usitegemee intaneti uwanjani. Liangalie lote, siyo dakika kumi za mwanzo.

Kitambaa chenye upana wa mita 2.5 kinatosha watu 100 hivi. Shona pindo juu na chini, pitisha mti au bomba, kisha kikaze kwa kamba pembe zote nne, maana upepo wa ziwa hautanii. Nyuma yake funga kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unapenya na picha inafifia. Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi. Yenye uwiano wa 1.5, yaani umbali mara 1.5 ya upana wa picha, itakaa mita 3.75 kutoka kitambaani kwa upana huo. Usianze saa kumi na mbili na nusu jioni hata watu wakipiga kelele. Giza la kutosha linaanza karibu na saa moja na nusu.

Kosa linaloharibu usiku mwingi ni sauti. Waya wa HDMI huipeleka sauti kwenye projekta, kwenye kispika chake kidogo, huku spika kubwa zikikaa kimya. Kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta chagua itoke kwenye tundu la spika za masikioni, uijaribu mchana. Spika mbili ziwe pande zote za kitambaa, juu ya vichwa vya waliokaa. Jenereta liwe mita 30 nyuma ya jengo, upande ambao upepo unaenda, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu: kuongeza mafuta kabla filamu haijaanza.