Mchuchumio: si urefu tu

Je, viatu vya mchuchumio, yaani vya kisigino kirefu, humfanya mwanamke avutie kwa sababu ya urefu tu? Hapana, urefu ni sehemu ndogo tu. Kinachovuta macho zaidi ni mwendo: kisigino kikipanda, hatua zinakuwa fupi na za harakaharaka, na nyonga inacheza zaidi kila mguu unapotua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walilipima hilo kwenye utafiti uliotoka 2013. Waliwarekodi wanawake wakitembea, kisha watazamaji wakaonyeshwa vidoa vya mwanga tu vikisogea gizani, bila sura, bila mguu, hata kiatu hakionekani. Bado mwendo wa mchuchumio ulipendwa kuliko wa kiatu bapa, na wanawake waliotazama walisema vilevile kama wanaume.

Na kama unadhani viatu hivi vilibuniwa kwa ajili ya wanawake, sivyo. Wapanda farasi wa Uajemi walivivaa zamani ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku, pale pa kukanyagia kwenye tandiko la farasi, na Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alitamba na visigino vyekundu.

Ila uzito mwingi unahamia mbele, kwenye vidole. Mimi nikipata kiti tu, navivua chini ya meza.